Heri ya kuzaliwa kwa wanaotuchekesha

  Mwezi wa kwanza umefika, na kama mnavyojua, huu ndio mwezi wa siku za kuzaliwa hapa kwetu. Chukua karatasi ya familia yako uangalie. Baba, tarehe 1 mwezi wa 1. Mama, tarehe 1 mwezi wa 1. Nkambo, vile vile. Nyumbani kwangu tuko watu tisa, na watano kati yetu tulizaliwa siku moja, miaka mbalimbali. Binti yangu mdogo, ambaye tarehe yake ni ya kweli kwa sababu iliandikwa kliniki, aliniuliza: "Mama, ile siku kulikuwa nini? Bakubwa bote mulizaliwa siku moja?"

Ninyi wakubwa jibu mnalijua. Wazazi wetu walihesabu kwa mvua, kwa mavuno ya mihogo, kwa mwaka ambao samaki walikuwa wengi ziwani. Ukifika mezani kuandikwa, unasema mwaka tu, au hata mwaka unakisia. Lakini karatasi haipendi nafasi tupu. Basi inaandikwa tarehe 1 Januari, unatia kidole, unasonga mbele. Si hapa tu; wakimbizi wa nchi nyingi duniani wanayo tarehe hiyo hiyo.

Mwezi huu nimeona tuitumie tarehe hiyo kwa kazi nzuri. Katika nchi nyingine kuna desturi: siku ya kuzaliwa ya mchekeshaji wa televisheni ikifika, magazeti na redio yanamtaja, yanaeleza alichofanya, watu wanamtakia miaka mingi. Hata kama michezo yake ni ya zamani, wanamkumbuka. Kwetu sisi mchekeshaji anakumbukwa akilazwa hospitali, au siku ya matanga. Hapo ndipo kila mtu anasimama kusema, "Alikuwa mtu wa watu." Yeye mwenyewe hasikii tena.

Nianze na mmoja ambaye watoto wote wa hapa wanamjua, naye ni Mr Bean. Wengi wetu tuliokimbia mara ya kwanza, wakati Pweto ilipoanguka Desemba 2000, tulimjulia kambi ya Kala, kule Kawambwa. Palikuwa na nyumba ya video karibu na soko, jenereta inalia nje, ndani joto, watu wamebanana kwenye mbao. Filamu za karate zilikuwa za vijana, lakini Mr Bean alikuwa wa wote. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa kanisa, kijana wa mpira, wote walicheka pamoja. Watabwa, Waluba, Wabemba, hakuna aliyeuliza "amesema nini?" kwa sababu hakusema kitu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mchezo wa kwanza wa Mr Bean ulionyeshwa katika televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Ndiyo, tarehe moja ya mwezi wa kwanza! Kwa hiyo hata yeye tunaweza kumwandika katika karatasi zetu. Katika mchezo ule wa kwanza yuko kwenye mtihani wa hesabu, halafu yuko ufukweni anahangaika kubadili nguo bila kuvua suruali, halafu yuko kanisani anasinzia hadi anateleza chini ya benchi. Yule wa kanisani ni sisi kabisa. Kila kanisa la hapa lina mtu wa hivyo, asiyejua maneno ya wimbo lakini Aleluya ikifika anapasua paa.

Mwenye sura ile anaitwa Rowan Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955, na mwaka 2025 alitimiza miaka 70. Watu wanafikiri ni mtu asiyejua kitu. Kumbe alisoma uhandisi wa umeme hadi chuo kikuu cha Oxford. Tena yeye mwenyewe ana kigugumizi. Nimependa watoto wetu walijue hilo, hasa wale wanaochekwa shuleni kwa sababu ulimi unakwama. Mtu ambaye maneno yanamkwama aliwachekesha watu wa dunia nzima karibu bila maneno.

Tena kabla ya televisheni, mwaka 1987, alikwenda Montreal, Kanada, kwenye tamasha la vichekesho, akaomba awekwe kwa watu wanaozungumza Kifaransa. Alitaka kuona kama watu wasiojua Kiingereza watamcheka. Wakamcheka. Kwa hiyo kucheka kwetu Kala hakukuwa bahati tu. Mwenyewe aliupima mchezo wake mbele ya watu wa lugha nyingine. Leo Kanada wako pia ndugu zetu wengi waliopelekwa huko, na watoto wao wanazungumza Kifaransa na Kiingereza. Mchezo wa Mr Bean watautazama pamoja na nkambo ambaye hajui lugha hizo.

Na jina lenyewe! Bean kwa Kiingereza ni haragwe. Wakati wanatafuta jina walitaka la mboga, na ilibaki kidogo aitwe Koliflawa, yaani ile kabichi nyeupe. Sisi ambao tumekula maharage ya mgao miaka mingi, Bwana Haragwe ni jamaa yetu.

Kuna mwingine hapo wa kushukuriwa ambaye haonekani. Ni Richard Curtis, mwandishi aliyekutana na Atkinson huko Oxford na kutunga naye michezo hiyo. Yeye alizaliwa Novemba 1956. Mwaka 1985, wakati wa njaa kubwa ya Ethiopia, yeye na mchekeshaji Lenny Henry walianzisha shirika la kukusanya msaada kwa njia ya vichekesho, linaitwa Comic Relief. Lilitangazwa katika televisheni siku ya Krismasi 1985, na lilitangazwa kutoka wapi? Kutoka kambi ya wakimbizi ya Safawa, nchini Sudani. Kwa hiyo kabla mchezo wa Mr Bean haujaonyeshwa hata mara moja, mmoja wa watungaji wake alikuwa amekwisha kuanzisha kazi ya vichekesho iliyotangazwa kutoka kambi kama yetu.

Lakini ndugu zangu, tusiwasifu wa mbali tu tukawasahau wa kwetu. Mtu aliyekulia Katanga hawezi kuzungumza habari za kuchekesha bila kumtaja Mufwankolo wa Lubumbashi. Mwaka gani hukumsikia? Yeye na wenzake walicheza redioni, kisha katika televisheni, wakazungumza Kiswahili chetu hiki hiki ambacho walimu walitukataza kuandika shuleni. Bwana mwenye pesa anayeringa, mke mwenye mdomo, kijana mvivu, mganga mwongo, wote tuliwajua, walikuwa jirani zetu. Ukisikia mchezo wao unamtazama shemeji yako, naye anakutazama wewe.

Walikuwa hawasomi maneno kwenye karatasi. Walikubaliana habari yenyewe, nani atakuwa nani, halafu kila mmoja alitafuta maneno yake hapo hapo. Mwaka 1986 mtafiti mmoja, Johannes Fabian, alikuwa Lubumbashi. Mezani alipewa firigisi ya kuku, akaambiwa kuwa hiyo haigawanywi, ni ya mkubwa, na mamlaka huliwa mazima. Akataka kujua maana ya msemo huo, akawauliza kundi la Mufwankolo. Wao hawakumpa hotuba. Walimtungia mchezo mzima, wakaufanyia mazoezi na kuucheza katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Jina lake Le pouvoir se mange entier. Mtafiti akaandika yote, maneno yale yale ya Kiswahili cha kwetu, na mwaka 1990 yakatoka katika kitabu kinachosomwa vyuo vikuu. Ile lugha ya sokoni, ya kufokea watoto na kubembelezea samaki, leo maprofesa wanaisoma.

Ndugu waliopita Nairobi kabla ya kufika huku watamtaja Mzee Ojwang' wa Vitimbi, katika televisheni ya taifa ya Kenya. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini alicheza Mjaluo hata watu wakaapa ni Mjaluo. Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere, alicheza mke wake, na wengi waliamini ni mume na mke kweli. Fikiria nchi ambayo makabila yamewahi kupigana, na mtu mmoja anaingia kila nyumba na lafudhi ya jirani, na jirani anacheka badala ya kukasirika. Uzeeni macho yalimsumbua, Wakenya wakachanga pesa atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Hapo ndipo rambirambi zikamiminika, za wakubwa na za wadogo.

Wale wenye jamaa upande wa Moba na Kalemie wanamjua King Majuto, maana diski zake zilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na sabuni na vitenge. Jina lake Amri Athuman, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948. Alikuwa haina haja aseme. Akikaza macho tu umekwisha. Mwaka 2018 aliugua, akapelekwa India, akarudi, na tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki Muhimbili, Dar es Salaam. Akazikwa kwao Tanga. Ulikuwa mwaka wake wa kutimiza miaka 70. Nchi nzima ilimlilia, na ilikuwa haki. Lakini mimi najiuliza: mwaka aliotimiza 60, mwaka aliotimiza 65, akiwa mzima na nguvu zake, ni wangapi tulimwambia asante?

Hapo ndipo nataka kusema habari za yaya wangu, kaka yangu mkubwa. Jina lake siliandiki, kwa kuwa hataki, lakini wengi wa mtaa wetu mtamtambua.

Tulipokimbia mara ya pili, mwaka 2017, tulitembea usiku, siku kadhaa, hadi tukavuka upande wa Chiengi. Wenye kujua safari hiyo hamhitaji niieleze. Siku ya tatu chakula kilikuwa kimekwisha. Tulikuwa na muhogo mmoja wa kuchemsha na watu kumi na mmoja. Watoto walikuwa wameacha kulia, na mama yeyote anajua kwamba mtoto akiacha kulia kwa njaa hiyo ni mbaya zaidi. Yaya akakaa juu ya jiwe, akatoa tumbo mbele, akanunisha uso kama chifu wa mchezo wa Mufwankolo. Akasema kwa sauti nzito: "Leteni firigisi ya mukubwa!" Tukampa muhogo. Akautazama pande zote, akauinua. "Firigisi ya mukubwa, hapana kukata!" Halafu akatoa kisu, akaukata vipande kumi na kimoja, kila kipande akikitolea machozi ya uongo kama chifu anayenyang'anywa kiti. Mtoto wa kwanza akacheka. Na wa pili. Mimi nilicheka hadi nikalia, na kulia kwenyewe nilikuwa nimekuhitaji siku tatu.

Kenani aliendelea hivyo. Mantapala tulipohamia mwaka 2018, msituni, kabla nyumba hazijasimama, alikuwa akiiga foleni ya maji, kila mtu na tabia yake, hata na mimi aliniiga. Halafu mulamu wangu, mke wake, akafariki. Tangu siku ile yaya alinyamaza. Anasalimu, anajibu, analima, lakini ule mchezo ulizimika. Matanga yalikwisha, mwaka ukapita, yeye bado kimya. Na macho yake yameanza kupungua nguvu, kama ya Mzee Ojwang'.

Desemba iliyopita nikaita wadogo zangu, nikasema, tarehe 1 Januari tumfanyie yaya siku ya kuzaliwa. Hatujawahi kufanya hivyo katika ukoo wetu. Baba mdogo alikataa mara moja. "Ile tarehe ni ya uongo," akasema. "Mutamufanyia mutu sikukuu ya uongo?" Tena akasema mjane hapelekewi kicheko nyumbani. Sikubishana naye kwa nguvu, ni mkubwa wangu. Nilimwambia tu, "Baba, tarehe si yake, lakini miaka ni yake. Na tukingoja tarehe ya kweli, tutampa asante yake kaburini." Akakaa kimya muda, akasema basi, atakuja, lakini hatacheza ngoma.

Siku hiyo, baada ya ibada, tulipika bukari, samaki pale kutoka Kashikishi, na kuku mmoja. Yaya tulimkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Halafu mmoja mmoja tukasimama, kila mtu akaeleza siku moja ambayo yaya alimchekesha. Hotuba ndefu zilikatazwa. Kijana wangu mkubwa alieleza ule muhogo. Siku hiyo alikuwa na miaka sita, naye anakumbuka kila kipande. Jirani Mbemba, mwenyeji wetu wa hapa Nchelenge, alieleza foleni ya maji, ingawa wakati ule hakujua Kiswahili hata neno moja. Baba mdogo ambaye hakutaka sikukuu ndiye aliyesema muda mrefu kuliko wote. Alieleza vichekesho vya yaya vya utotoni, upande ule wa ziwa, ambavyo hata mimi sikuvijua.

Yaya alisikiliza kichwa chini. Mwisho akainua uso, akasema: "Munanisifu sawa vile niko mu sanduku. Mungojee kwanza, ningali napumua."

Nyumba nzima ilianguka. Halafu binti yangu akamletea sahani, na juu yake firigisi. Nzima. Watoto wote wakasogea kutazama kama ataigawa. Yaya akaitazama firigisi, akawatazama watoto, akaitia kinywani yote, akaanza kutafuna polepole, macho juu, uso wa chifu, bila neno lolote, kama Mr Bean mwenyewe. Alitafuna hadi watoto wakalala chini kwa kicheko.

Sisemi kwamba huzuni yake imekwisha. Kesho yake alikuwa kimya tena. Lakini juzi nilimsikia kisimani akiiga sauti ya baba mdogo, na wanawake wanacheka.

Wapendwa wasomaji, nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila familia itafute mchekeshaji wake. Yupo. Ni yule shangazi anayeiga mchungaji, ni yule kijana anayetembea kama kuku mbele ya wagonjwa wa kliniki. Mwambieni asante mwezi huu, akiwa anasikia. Haihitaji keki wala soda, chai inatosha. La pili, wazee wanaokumbuka michezo ya Mufwankolo na wenzake, wasimulieni watoto, au mtuletee tuandike hapa. Watoto wetu siku hizi wanacheka na Difikoti na Bikiloni wa Zambia kwenye simu, na ni vizuri, ni nchi iliyotupokea. Lakini wajue pia kwamba ng'ambo ya ziwa walikuwako watu waliochekesha kwa Kiswahili chetu.

Kwa wote mliozaliwa tarehe 1 Januari, kweli au kwa karatasi: heri ya siku ya kuzaliwa, na Mungu awaongezee miaka.

Mama wa watoto wanne, Mantapala